10U, 12U au 14U: pitcha mdogo wa softiboli achezee wapi?

Ukifika mwezi wa nane huku Texas simu yangu inajaa voisi noti za kina mama. Nje joto nyuzi 38, nyasi zimekauka, viwanja vyote vya kitongoji vimejaa wasichana waliobeba mabegi marefu kuwazidi, maana ndo msimu wa majaribio ya timu za softiboli, na kila mwenye binti anayerusha mpira vizuri anatafutwa na makocha kama vile kuna kura za ubunge. Pitcha, yaani warusha mpira, hawatoshi, hawajawahi kutosha. Kwa hiyo kocha akimwona mtoto wa miaka kumi anapitisha straiki, ule mpira mzuri unaopita ndani ya eneo la mpigaji, haangalii cheti cha kuzaliwa, anamfuata mama yake parking.

Wiki iliyopita dada mmoja wa Kenya, tunakutana uwanjani kila wikendi, kanitumia hivi (12U ni daraja la wasiozidi miaka 12): "Dada, huyu kocha wa 12U ameona msichana wangu akirusha sasa anataka apande. Ako na miaka kumi tu, anafikisha kumi na moja Februari. Nimwachilie ama nimkatalie?" Nikamjibu kwa voisi noti ndefu mpaka nikajionea aibu, sasa naona bora niandike hapa maana swali ni lilelile kila mwaka na wazazi wengi kama sisi, watoto wanatuletea mchezo ambao sisi wenyewe hatukuucheza.

Kwa walioko nyumbani, sisi tuliocheza rede na kujaza mchanga kwenye chupa, nieleze kidogo. Softiboli ni ndugu wa besiboli ila pitcha anarusha kutokea chini, mkono unazunguka mzunguko mzima pembeni ya mwili halafu mpira unaachiwa karibu na nyonga, na anarushia ndani ya duara lililochorwa uwanjani, lina futi 8 kutoka katikati mpaka ukingoni. Kila mchezo unaanzia kwake. Mchezaji wa beisi ya pili anaweza kukaa nusu saa bila kuguswa na mpira na hakuna atakayejua kama ana siku mbaya, ila pitcha akiwa na siku mbaya uwanja mzima unajua, na bibi zake kwenye video koo wanajua. Ndo maana swali la umri kwa pitcha naliona tofauti kabisa na la wachezaji wengine. Huyo wa beisi ya pili mpandishe ukitaka, atakimbizana nao tu.

Sasa madaraja. Kuna 8U, 10U, 12U, 14U, 16U na 18U, maana yake mtoto asiwe amezidi huo umri siku ya kuhesabia. Hiyo siku ya kuhesabia ndo inachanganya watu. Miaka mingi ilikuwa inaangaliwa mtoto ana umri gani tarehe moja Januari, lakini miaka ya karibuni mashirika mengi yamehamia tarehe moja Septemba ili iendane na mwaka wa shule, kwa hiyo ukikuta chati ya zamani kwenye intaneti usiiamini, muulize katibu wa ligi yenu wanatumia ipi. Na angalia hesabu yake inavyokuja: daraja moja ni miaka miwili, kwa hiyo kila mtoto ana mwaka wake wa kwanza ambapo yeye ndo mdogo, na mwaka wa pili ambapo yeye ndo mkubwa. Binti wa huyu dada kwa kuhesabu Septemba bado ni 10U halali msimu mzima, tena mwaka wa pili, mwaka wake wa kutamba. Akipanda 12U sasa hivi anaenda kurushia wasichana ambao wengine wanatimiza miaka 13 mwezi huohuo wa tisa. Mtoto wa miaka kumi na msichana wa kumi na tatu, jamani, hebu wasimamishe pamoja uone.

Kushuka hairuhusiwi, hilo liko wazi, mkubwa hachezi na wadogo. Kupanda ndo ruksa. Kwa hiyo uchaguzi wenyewe ni mmoja tu, abaki au apande.

Kitu ambacho wazazi wengi hawaambiwi ni kwamba ngazi hizi hazilingani. 10U pitcha anarushia umbali wa futi 35, kama mita 10 na nusu hivi, na mpira wa inchi 11. 12U inakuwa futi 40 na mpira wa inchi 12. 14U futi 43, mpira uleule wa inchi 12, na hapo ndo basi, futi 43 hizohizo atazikuta sekondari, chuo kikuu mpaka timu ya taifa. Umeona ilipo shida? Kutoka 12U kwenda 14U anaongezewa futi tatu tu, mpira hauguswi. Kutoka 10U kwenda 12U anaongezewa futi tano na mpira unakuwa mkubwa na mzito zaidi kwa wakati mmoja, na vidole ni vilevile vya jana. Mtoto aliyekuwa anaushika mpira kwa vidole vitatu na gumba anaanza kuukumbatia kwa vidole vinne, na akiukumbatia mkono unakaza, ukikaza mpira hauzunguki, unafika pleti, lile bamba la chini anaposimama mpigaji, umelala fofofo na msichana wa miaka 12 anauona unavyokuja anausubiri anautandika.

Kwa hiyo kabla hujamjibu kocha chochote, chukua tepu ya kupimia, hizi za fundi, nenda paki au uwanja wa shule jioni, pima futi 40 kutoka pleti, nunua mpira wa inchi 12, kaa juu ya ndoo yako umdakie (mzazi wa pitcha bila ndoo huyo bado hajaanza) na umwambie arushe. Usiangalie ile ya kwanza kwanza, akiwa mpya kila mtoto anarusha vizuri. Mwache arushe kama thelathini hivi halafu angalia zile kumi za mwisho, akiwa amechoka. Mi naangalia vitu viwili. Kimoja, je nusu yake zinapita kati ya magoti na kwapa, juu ya pleti? Kingine ndo kikubwa zaidi, je bado anasukuma na mguu au ameanza kurusha na bega peke yake? Ukiona mguu wa nyuma umelala unaburuzika tu na kiwiliwili kinainama mbele ili mpira ufike, basi umbali umemzidi, na hiyo tabia akiizoea msimu mzima kuja kuitoa ni kazi ya mwaka na kocha wa kulipia. Mpira kupita juu au chini hilo dogo, linarekebishika. Mwili ukishajifunza njia ya mkato ya kufikisha mpira, hapo pagumu.

Haya tuseme umbali anauweza. Bado.

Swali la pili na kwangu ndo swali lenyewe: atarusha iningi ngapi, yaani zile zamu za timu zote mbili kupiga? Muulize kocha hivyohivyo kwa mdomo. Muulize timu ina pitcha wangapi. Nimeshakaa kwenye haya majaribio na mama mmoja akauliza vizuri kabisa, "Kocha, binti yangu ataingia kwenye duara mara ngapi kwa wikendi?" na kocha akatabasamu akasema tutaona. Tutaona ya kocha ni benchi. Timu ikiwa na pitcha watano na wako mdogo kuliko wote, ataenda mashindano, mtalipa hoteli, mtalipa kiingilio cha uwanja, mtakula pizza ya bei mbaya, na atarushia iningi moja Jumamosi asubuhi timu ikiwa inaongoza kwa kumi. Na mechi nyingi za mashindano zinachezwa kwa saa, muda ukiisha hakuna iningi mpya, zile iningi saba unazoziona kwenye TV watoto hawazifikii mara nyingi. Pitcha hajifunzi akiwa benchi, sijui niseme vipi. Atajifunza kushangilia.

Angebaki 10U huyuhuyu angekuwa namba moja, angerusha kila mechi, angepigwa Jumamosi na Jumapili akarudi kwenye duara, angejua inakuwaje beisi zote zimejaa, hakuna aliyetoka, mdakaji wake analia, na refa kabana eneo la straiki. Hayo huyafundishi uani kwako.

Ila na upande mwingine upo, kuwa namba moja kwenye timu yenye pitcha mmoja ni hatari nyingine. Watu wanaambiana kwamba kurusha kutokea chini ni asili ya mkono, haiumizi, rusheni tu. Uongo huo. Bega la mbele na msuli wa mkono wa juu vinaumia, madaktari wa michezo huku wanawaona hawa wasichana kila msimu. Little League, shirika la ligi za watoto, kwenye besiboli wanahesabu mipira ya pitcha tangu 2007, kijana akifika kiwango chake anatolewa, lakini softiboli ligi nyingi hazihesabu, mtoto anaweza kurusha mechi tatu kwa siku na hakuna atakayevunja sheria. Kuna mwongozo wa STOP Sports Injuries, kampeni ya madaktari wa michezo, unaosema umri wa miaka 8 hadi 10 mipira 50 kwa mechi na 80 kwa siku, wa 10 hadi 12 mipira 65 kwa mechi na 95 kwa siku. Mwongozo, sio sheria, kwa hiyo anayehesabu ni wewe kwenye ndoo yako na kibonyezeo cha kuhesabia. Wazee wa mchezo watakutajia Yukiko Ueno wa Japani, Olimpiki ya Beijing 2008, mipira 413 ndani ya siku mbili, mechi tatu, na fainali wakawafunga Marekani 3 kwa 1. Ni kweli na ni historia nzuri sana, naipenda. Alikuwa na miaka 26 na ilikuwa medali ya dhahabu ya Olimpiki. Wako ana kumi na ni mashindano ya kugombea pete ya bati.

Sasa niseme la sisi wenyewe. Nafikiri Waafrika tunaumwa na huu ugonjwa wa kupanda kuliko wengine kwa sababu tumetoka kwenye shule ambako mtoto kurushwa darasa ilikuwa sifa ya ukoo mzima, amerushwa la tatu kaingia la nne, mama anatembea sokoni kifua mbele. Huku kocha akisema "binti yako acheze juu" tunasikia hiyohiyo. Tunapiga simu nyumbani. Hakuna anayeuliza huko juu anafanya nini, inatosha kwamba yuko juu.

Halafu kuna skolashipu. Kila mtu alisikia habari ya NiJaree Canady mwaka 2024, alipotoka Stanford kwenda Texas Tech kwa mkataba uliotajwa kuzidi dola milioni moja, pitcha wa softiboli, jamani, na toka hapo baadhi ya wazazi hawalali. Lakini yule alikuwa ameshakuwa pitcha wa kutisha kwenye chuo kikuu, hela ilimfuata huko. Na sheria ya NCAA, chama cha michezo ya vyuo, tangu 2018 inasema makocha wa vyuo hawaruhusiwi kuwasiliana na msichana wa softiboli mpaka Septemba moja ya mwaka wake wa darasa la 11. Darasa la 11! Wako yuko la tano. Hakuna kocha wa chuo anayekaa kwenye nyasi za 12U huku kwetu anaandika jina la mtoto wa miaka kumi, na hata angeandika asingeweza kumpigia. Makocha wa vyuo wanaangalia mwaka wa kuhitimu, kwa hiyo kuruka daraja ukiwa mdogo hakukusogezi foleni.

Kwa hiyo nani apande? Wapo, sisemi hakuna. Yule ambaye kwenye 10U hakuna anayemgusa, kila mpigaji anatoka kwa straiki tatu, wenzake nyuma wanachora udongo kwa viatu kwa sababu mpira hauwafikii, huyo amemaliza pale. Ila angalia anawatoaje. Kwenye 10U wapigaji wengi wanasimama na kigongo begani wanasubiri boli nne, mipira iliyopita nje ya eneo, wapewe beisi ya bure, kwa hiyo mtoto yeyote mwenye mwendo kasi na anayepita kwenye eneo anaonekana bingwa. Ukiona ana chenjiapu, ule mpira wa mkono uleule na mwendo uleule ila unafika umechelewa, na anaweza kuutoa kwa straiki wakati hesabu iko boli mbili kwa straiki moja na watu wako beisi, sio kwenye mazoezi, hapo nakubali, huyo ana kazi ya kwenda kufanya juu. Mwenye fastiboli, mpira wa kasi, peke yake atapanda na baada ya wapigaji tisa wa kwanza wote wameshaizoea kasi yake.

Na kuna kitu kingine watu wanakisahau, kabla ya kubadilisha umri unaweza kubadilisha kiwango. Ndani ya 10U hiyohiyo kuna ligi ya kitongoji, kuna timu za kusafiri za daraja C na B, na kuna zile za A ambazo mtoto wa miaka kumi anaiba beisi kabla hujamaliza kupiga chafya. Mtoto aliyeizidi ligi ya kitongoji mpeleke B, akiizidi B mpeleke A, bado anarusha futi 35 na mpira wa inchi 11 unaomtosha mkononi, na anakutana na wapigaji wanaojua. Wangu alipita hivyo, tulibaki kwenye umri wake tukapandisha ugumu, na sasa yuko 14U mwaka wa kwanza na futi 43 hazikumsumbua hata wiki mbili.

La usalama niliweke hapa na sitabembeleza mtu. Mpira wa kilomita 80 kwa saa unachukua nusu sekunde na kidogo kufika pleti, na ukipigwa vizuri unarudi kwa kasi kubwa zaidi ya hiyo, na pitcha akishamaliza hatua yake yuko karibu kuliko zile futi za kwenye karatasi, amesimama mguu mmoja, glavu iko pajani. Barakoa ya uso ya mchezaji wa ndani, ile ya waya, anavaa. Iwe 10U, iwe 12U, kocha aseme inamziba macho, binti aseme wenzake hawavai, anavaa. Na kama unafikiria kumrusha mtoto wa miaka 12 mpaka 14U, ukae kwanza nyuma ya uzio wa mechi moja ya 14U usikilize mlio wa mpira ukitoka kwenye kigongo, usiangalie hata, sikiliza tu.

Na maongezi ya hao wakubwa jamani. Nilimuuliza wangu kipindi kile timu moja ya wakubwa ilipomtaka, nikamwambia mwanangu wewe unaonaje, akaniambia "Mama, wale wanaongea habari za wavulana tu, mi nitakaa na nani?" Timu ya kusafiri ni hoteli, ni gari masaa manne, ni kusubiri mvua iishe chini ya bati kwa masaa. Mtoto asiye na mtu wa kukaa naye atachukia mchezo wenyewe, na pitcha akiboreka unamwona kwenye duara mabega yameshuka.

Basi huyu dada nilimwambia hivi: mdogo wangu, mwache binti 10U msimu huu ila mtoe ligi ya kitongoji mtafutie timu ya B yenye pitcha wawili au watatu. Yule kocha wa 12U usimkatalie kwa ubaya, mwambie asante sana, na mwombe kama binti anaweza kuja mechi mbili tatu za msimu wa vuli kama mgeni, maana mwezi wa tisa mpaka wa kumi na moja timu zinajaribu watu na matokeo hayamuumizi mtu kichwa, sema hakikisha tu sheria za mashindano husika zinaruhusu mchezaji wa kuazima. Hapo ataonja futi 40 na wapigaji wakubwa, na wewe utaona kwa macho yako mguu unasukuma au unaburuzika. Mazoezi ya uani wiki nzima futi 35, siku moja moja futi 40, mpira wa inchi 12 aushike hata akiwa anaangalia TV vidole vizoee.

Akasema "sawa dada, lakini huyo kocha atapata pitcha mwingine nafasi iishe." Nikacheka. Mwezi wa kwanza, kabla msimu wa masika haujaanza, nusu ya timu za 12U za huku zitakuwa bado zinatafuta pitcha, mmoja kaumia bega, mwingine kahamia mpira wa wavu, mwingine mzazi kagombana na kocha. Atapigiwa simu tu.